Mkuu wa Ngoma: Mtakatifu Andrea Kaggwa na muziki wa Mashahidi wa Uganda



Leo tumsome mtakatifu ambaye sisi wa Jimbo la Lindi tunasali chini ya jina lake kila tukiingia Kanisa Kuu: Mtakatifu Andrea Kaggwa. Ukimuuliza kijana Kaggwa ni nani, atakujibu "mmoja wa Mashahidi wa Uganda," basi, anaishia hapo. Na kazi yake je? Alikuwa mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka. Kwa lugha ya sasa tungesema kondakta wa ikulu. Yaani msimamizi wa kanisa kuu letu ni mwanamuziki, na wanakwaya wenyewe hatuna habari!

Kaggwa alizaliwa Bunyoro. Akatekwa angali mtoto, akapelekwa Buganda kutumika katika jumba la Kabaka Mutesa. Huko akapanda mpaka akaongoza ngoma. Alibatizwa tarehe 30 Aprili 1882, na tangu hapo akawa katekista asiyechoka. Alifundisha hata watoto wa Katikiro, yaani waziri mkuu wa Kabaka. Hilo ndilo lililomponza. Kabaka Mwanga, aliyerithi ufalme, alikuwa rafiki yake, lakini Katikiro alimbana mpaka akamtoa. Tarehe 26 Mei 1886, pale Munyonyo, Katikiro aliapa kwamba hatakula chakula mpaka aletewe mkono wa Kaggwa. Wakamkata mkono kwanza, kisha kichwa.

Nimeutafakari sana mkono huo. Mpiga ngoma ana nini kingine? Ndio uliompa cheo, ndio Kabaka alioupenda, na ndio uliopelekwa kwa Katikiro kama ushahidi kwamba kazi imekwisha.

Sasa twende mbele hadi 18 Oktoba 1964, siku ambayo Papa Paulo VI aliwatangaza Mashahidi 22 wa Uganda kuwa watakatifu. Mwaka huohuo, hukohuko Roma, kukaimbwa oratorio juu yao. (Oratorio ni hadithi takatifu inayosimuliwa kwa kuimba mwanzo hadi mwisho, bila mavazi ya maigizo.) Mtunzi wake hakuwa Mwitaliano wala Mjerumani. Alikuwa Joseph Kyagambiddwa, Mganda, Mkatoliki. Aliitunga kwa Kiganda, kwa muziki uleule wa nyumbani ambao Kaggwa mwenyewe angeutambua.

Huyu hakubahatisha. Mwaka 1955 alikuwa ametoa kitabu New York kuhusu muziki wa kwao, akaandika kwa nota nyimbo za amadinda, ile marimba kubwa ya mbao 12. Nawaomba hapa mkae nami kidogo. Wapigaji wawili wanakaa wakitazamana, marimba iko katikati. Mmoja anapiga sauti zake kwa mwendo ule ule, na mwenzake anaingiza zake katika nafasi zinazobaki katikati. Wa tatu anachukua mbao mbili za juu peke yake, anadokoa. Ukisikiliza unasikia wimbo mzuri unazunguka, lakini wimbo ule haupo mikononi mwa mpigaji yeyote. Akiondoka mmoja, umekufa.

Kwa hiyo mtu akikuambia muziki wa Kiafrika ni "kelele za kuchangamsha watu," mpe jina la Kyagambiddwa. Na hapa kwetu mpe la Padre Stephen Mbunga, aliyeandika kitabu kizima mwaka 1963 kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Mwishoni mwa mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukaagiza kwamba mapokeo ya muziki ya watu wa nchi za misioni yathaminiwe, hata katika ibada.

Mbona nayasema haya huku pwani? Kwa sababu sisi tuna kumbukumbu nyingine. Julai 1505 Wareno wa Francisco de Almeida waliposhuka Kilwa, mapadre walitembea na misalaba miwili wakiimba Te Deum hadi kwenye jumba la sultani. Wimbo ulipokwisha na sala kusaliwa, askari wakaupora mji. Taarifa hiyo imeandikwa na mtu wa msafara wenyewe, sio na adui. Ukivuka kwenda Kisiwani na kuliona Gereza, kumbuka kwamba hata neno "gereza" linasemekana limetoka kwa Wareno, na kwao lilimaanisha kanisa. Wenzetu Waislamu wa Kilwa hawana sababu ya kusahau. Te Deum ile ilikuja pamoja na upanga. Muziki wa Kaggwa ulikatwa kwa upanga. Zote mbili ni historia yetu, ila mimi najua ni upi ningetaka jirani yangu ausikie ukitoka dirishani mwa kanisa.

Kigangoni kwetu kuna mzee fundi wa ngoma, harusini anaitwa yeye. Kanisani anakaa benchi la nyuma kwa sababu tuna kinanda chenye mdundo wa kubonyeza. Umeme ukikatika, kwaya inatazamana.

Sikukuu ya Mashahidi ni tarehe 3 Juni. Kabla ya hapo, kwenye zoezi la kwaya, jaribuni hivi: wawili wapige makofi polepole kwa kupokezana, kofi la mmoja liingie katikati ya makofi ya mwenzake. Ongezeni kasi kidogo kidogo. Kisha mwiteni mzee wenu wa ngoma, mwacheni aingie wa tatu.