Somo la 14: Nanga na Uzito Ndani ya Maji

Kihesa ni mahali pa vilima na mawe. Ukisimama hapa huoni ziwa wala bahari. Hata hivyo, sokoni unaweza kukuta perege na kambale. Baadhi ya samaki wauzwao Iringa hutoka katika Bwawa la Mtera, lililo mpakani mwa mikoa ya Iringa na Dodoma. Bwawa hilo lilijengwa katika miaka ya 1970 kwa kuuziba Mto Ruaha Mkuu, ili maji yatumike kuzalisha umeme. Mto Ruaha Mdogo, upitao katika mji wa Iringa, huingia katika Ruaha Mkuu kabla ya kufika Mtera. Kwa hiyo, maji unayoyaona ukiwa darajani ndiyo yatakayoubeba mtumbwi wa mvuvi huko bwawani.

Sasa mfikirie mvuvi huyo. Jioni ametega wavu wake na kurudi nyumbani. Usiku upepo mkali umevuma. Alfajiri anafika na kukuta maji matupu. Nanga yake haikushika, na wavu umechukuliwa. Hasara yake ni ya namna mbili. Kwanza, amepoteza chombo kinachowalisha watoto wake. Pili, wavu uliopotea hauachi kuvua. Nyuzi za nailoni hukaa majini miaka mingi bila kuoza. Samaki huendelea kunasa na kufa humo, wala hakuna mtu wa kuwatoa.

Je, mvuvi angeweza kuzuia hasara hii bila kutumia fedha nyingi? Ndiyo. Katika somo hili utajifunza jinsi ya kutengeneza nanga kwa vitu vipatikanavyo kwa urahisi. Utajifunza pia kwa nini nanga moja hushika na nyingine huburutwa.

Nanga ni nini?

Nanga ni kitu kizito kilichofungwa kamba na kutoswa majini ili kizuie chombo, wavu au mtego usichukuliwe na upepo au mkondo. Uzito mdogo unaofungwa kwenye mshipi ili ndoana izame huitwa chubwi.

Watu walitumia nanga za mawe tangu zamani sana. Katika bahari ya Kilwa, wachunguzi wa mambo ya kale wamekuta nanga za mawe za vyombo vya kale. Mpaka leo wavuvi wa pwani huweka mawe ndani ya madema yao ili yatulie chini ya maji. Mtego wa kaa nao huhitaji uzito, kwa sababu maji yanapokupwa na kujaa huusukuma huku na huku.

Jaribio la kwanza: Je, jiwe ni zito sawasawa ndani ya maji?

Vifaa: mizani ya springi, jiwe gumu lenye uzito wa karibu kilogramu 1, uzi imara, ndoo na maji.

Okota jiwe kando ya njia. Usilitoe kwenye Jiwe la Gangilonga. Hilo ni kumbukumbu ya historia yetu, na jina lake maana yake ni jiwe lizungumzalo.

Njia:
1. Funga jiwe kwa uzi, ulitundike kwenye mizani. Andika uzito wake hewani.
2. Shusha jiwe polepole ndani ya ndoo yenye maji mpaka lizame lote. Lisiguse chini wala pembeni.
3. Soma mizani tena. Andika uzito wake majini.

Umeona nini? Mizani imeonyesha uzito mdogo zaidi jiwe lilipokuwa majini. Jiwe halikupungua. Maji yamelisukuma kwenda juu. Msukumo huo huitwa kanieleo. Mtaalamu Archimedes, aliyeishi Sirakusa zaidi ya miaka 2200 iliyopita, alieleza kanuni yake: kitu kilichozama hupungukiwa na uzito ulio sawa na uzito wa maji kiliyoyasukuma kando.

Ukitaka kuhakikisha jambo hilo, jaza ndoo maji hadi ukingoni na uiweke ndani ya beseni kavu. Zamisha jiwe, kisha pima uzito wa maji yaliyomwagika katika beseni. Ulinganishe na uzito uliopungua kwenye mizani.

Jedwali lifuatalo linaonyesha vitu vinne. Kila kimoja kina uzito wa gramu 1000 hewani. Hesabu ni za kukadiria.

Kitu: chuma. Uzito majini: gramu 870.
Kitu: jiwe la itale. Uzito majini: gramu 630.
Kitu: zege. Uzito majini: gramu 580.
Kitu: mti mkavu. Uzito majini: huelea.

Itale ni aina ya jiwe gumu, nalo ni jingi katika vilima vya Iringa. Angalia jedwali tena. Chuma hupoteza uzito kidogo kwa sababu umbo lake ni dogo, hivyo husukuma kando maji machache. Zege ni kubwa zaidi kwa uzito uleule, hivyo hupoteza zaidi. Basi mtengenezaji wa nanga asitosheke na uzito anaouhisi mkononi akiwa ufukoni. Uzito unaofanya kazi ni ule unaobaki ndani ya maji.

Jaribio la pili: Kamba fupi na kamba ndefu

Uzito peke yake hautoshi. Fanya jaribio hili uwanjani, mahali penye mchanga.

1. Funga jiwe kwa kamba yenye urefu wa mita 3.
2. Simama karibu na jiwe, ukiwa umeshika kamba fupi. Vuta. Jiwe limefanya nini?
3. Rudi nyuma mpaka kamba yote iishe. Inama, uvute kamba ikiwa karibu na ardhi. Sasa jiwe limefanya nini?

Kamba ilipokuwa fupi, uliivuta kwenda juu, na jiwe likanyanyuka kwa urahisi. Kamba ilipokuwa ndefu, uliivuta kwa ulalo, na jiwe likajichimbia mchangani. Mambo hutokea vivyo hivyo chini ya maji. Mtumbwi wenye kamba fupi huinyanyua nanga kila wimbi linapopita. Mtumbwi wenye kamba ndefu huivuta nanga kwa ulalo, nayo hushika.

Kanuni nzuri ni hii: urefu wa kamba usipungue mara 3 ya kina cha maji. Upepo ukiwa mkali, uwe mara 5. Kwa mfano, kama kina ni mita 4, kamba iwe na urefu wa mita 12, na wakati wa upepo mkali mita 20.

Kutengeneza nanga

A. Nanga ya jiwe na miti

Nanga hii haihitaji fedha. Tafuta jiwe refu lenye uzito wa kilogramu 4 au 5, vipande viwili vya mti mgumu vyenye urefu wa sentimita 40, fito nne zinazopindika, na kamba ya katani.

1. Chonga ncha za vipande viwili vya mti mgumu.
2. Chonga pengo katikati ya kila kipande, uvipandanishe kama alama ya kujumlisha, kisha uvifunge imara. Hivyo ndivyo vitakavyokuwa meno ya nanga.
3. Funga fito nne zikisimama juu ya meno, zikizunguka nafasi ya jiwe.
4. Weka jiwe katikati. Ncha za meno zitokeze nje ya jiwe kama sentimita 10 kila upande.
5. Kusanya fito juu ya jiwe, uzifunge pamoja kwa nguvu. Hapo ndipo pa kufunga kamba ya nanga.

Jiwe huizamisha nanga, na meno huchimba tope au mchanga. Kagua kamba mara kwa mara, kwa maana katani huoza ikikaa majini siku nyingi.

B. Nanga ya zege

Nanga hii hudumu zaidi, nayo yafaa kushikilia ncha za wavu. Tafuta kopo au dumu la plastiki lililokatwa, lenye ujazo wa lita 2. Mwombe fundi akupindie kipande cha nondo kiwe kama pete, na miguu yake miwili ikunjwe kwa nje ili isichomoke.

1. Changanya kipimo 1 cha saruji, vipimo 2 vya mchanga safi na vipimo 3 vya kokoto ndogo.
2. Ongeza maji kidogo kidogo. Zege likiwa majimaji mno halitakuwa imara.
3. Jaza kopo, ukishindilia kwa kijiti ili hewa itoke.
4. Chomeka miguu ya pete katikati, pete yenyewe ibaki juu.
5. Funika kwa gunia bichi. Limwagilie maji kila siku kwa siku 7. Zege halikauki tu kama nguo; saruji huungana na maji ili iwe ngumu. Likinyimwa maji mapema, hupasuka.

Lita 2 za zege zina uzito wa karibu kilogramu 4.8. Majini zitabaki karibu kilogramu 2.8. Hesabu mwenyewe uone kwa nini. Kumbuka kwamba lita 1 ya maji ina uzito wa kilogramu 1.

Tahadhari: saruji mbichi huunguza ngozi na macho. Tumia chepe au kijiti, usichanganye kwa mikono mitupu. Ikikugusa, nawa mara moja kwa maji mengi.

C. Mfuko wa mchanga

Mvuvi aendaye mbali kwa miguu anaweza kubeba mfuko mtupu na kuujaza mchanga akifika ufukoni. Maji huingia katikati ya chembe za mchanga, kwa hiyo mfuko huo hupoteza uzito karibu kama jiwe. Kasoro yake ni kwamba mfuko ukitoboka, mchanga humwagika na nanga hutoweka pole pole bila mvuvi kujua. Tumia mfuko wa nguo nzito au wa katani. Mifuko ya plastiki huchafua maji.

Chubwi na hatari ya risasi

Wavuvi wengi hupenda chubwi za risasi. Risasi ni nzito kuliko chuma, na huyeyuka kwa moto mdogo. Watu wengine huitoa katika betri kuukuu za magari na kuiyeyusha nyumbani. Usifanye hivyo kamwe, wala usisimame karibu na mtu anayefanya hivyo.

Risasi ni sumu. Moshi na vumbi lake huingia mwilini kwa pua na kwa kinywa, na huudhuru ubongo, hasa wa mtoto. Mtoto anaweza kudhurika bila kuona dalili yoyote siku ile. Ndege pia hudhurika. Mwaka 1987 Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa aina nyingi za chubwi za risasi, kwa sababu bata maji walizimeza na kufa.

Badala ya risasi, tumia nati kuukuu za chuma, au kijiwe kilichofungwa ndani ya kitambaa. Unaweza pia kufinyanga vidonge vya udongo vyenye tundu katikati na kuvichoma. Udongo mbichi huyeyuka majini, lakini udongo ulioiva motoni hauyeyuki. Wafinyanzi Wakisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, walijua jambo hilo tangu zamani; vyungu vyao hupikiwa kila siku na havirudi kuwa tope.

Kutega kwa uangalifu

Weka nanga katika kila ncha ya wavu, si ncha moja tu. Funga boya juu ya kila nanga, kama vile dumu tupu lililozibwa vizuri. Tia alama yako juu ya boya. Nanga ikiburutwa, boya litakuonyesha wavu ulikokwenda, nawe utautafuta kabla haujawa kaburi la samaki.

Mwanafunzi asiende majini peke yake. Mtera kuna mamba na viboko. Majaribio yote ya somo hili yanafanyika shuleni kwa ndoo na mchanga.

Muhtasari

1. Maji hukisukuma kitu kilichozama kwenda juu. Msukumo huo ni kanieleo.
2. Nanga hushika kwa mambo matatu: uzito unaobaki majini, meno yanayochimba, na kamba ndefu inayovuta kwa ulalo.
3. Nanga nzuri si lazima iwe ya ghali. Ni lazima iwe imejaribiwa.
4. Risasi ni sumu, haiyeyushwi nyumbani.

Maswali

1. Jiwe lina uzito wa gramu 1080 hewani na gramu 680 majini. Maji yaliyosukumwa kando yana uzito gani?
2. Kina cha maji ni mita 6. Kamba ya nanga iwe na urefu gani siku ya upepo mkali?
3. Mvuvi ana kilogramu 5 za chuma na kilogramu 5 za zege. Ipi itakuwa nanga nzito zaidi majini? Eleza sababu.
4. Kwa nini mti mkavu peke yake haufai kuwa nanga, ingawa hutumika kutengenezea meno ya nanga?
5. Eleza hasara mbili za wavu uliopotea.

Kazi ya kikundi

Tengenezeni nanga ndogo mbili zenye uzito sawa, moja yenye meno na nyingine isiyo na meno. Zivuteni kwa mizani ya springi juu ya mchanga uliolowana. Andikeni ni ipi iliyohitaji nguvu zaidi ili iburutwe. Kisha mwelezeni mzazi au mlezi mlichokiona. Huenda naye akamjua mvuvi anayehitaji kukisikia.