Mgomba Nyumbani: Chipukizi Safi Ndio Mwanzo wa Mkungu

Mgomba hupandwa katika nyumba nyingi za Tanzania, tangu vibanja vya Kagera na vihamba vya Kilimanjaro hadi nyua za mijini. Kwa kuwa huonekana kila siku, hudhaniwa kuwa ni mmea usiohitaji elimu: chipukizi huombwa kwa jirani, shimo huchimbwa, na mengine huachiwa mvua. Lakini jirani huyo, pasipo kujua, aweza kutoa pamoja na chipukizi wadudu na maradhi yatakayoangamiza bustani nzima. Yafaa basi kuujua mgomba ulivyo, kwani ujuzi huo ndio unaomwongoza mkulima.

Umbile la mgomba

Mgomba si mti. Kile kiitwacho shina ni sehemu za chini za majani zilizofungamana, moja ndani ya nyingine. Shina la kweli ni tunguu lililomo ardhini. Humo hutoka mizizi, majani na machipukizi. Wakati utimiapo, ncha ya tunguu huacha kutoa majani ikaanza kutoa ua, nalo hupanda ndani ya shina la uongo mpaka likatokeza juu. Kila shina huzaa mkungu mmoja tu, kisha hufa. Warithi wake ni machipukizi.

Ndizi zinazolimwa kwa kawaida hazina mbegu. Migomba ya mwituni ambayo ni asili yake ina kromosomu 22, yaani jozi 11. Aina nyingi zinazolimwa zina kromosomu 33, yaani seti 3 za 11. Seti 3 haziwezi kugawanyika sawasawa wakati wa kuundwa chembe za uzazi, na hiyo ni sababu kubwa ya ndizi kukosa mbegu. Kwa hiyo chipukizi ni nakala ya mama yake, na udhaifu wa mmoja ni udhaifu wa wote. Ndivyo ndizi ya Gros Michel, iliyotawala biashara ya dunia hadi katikati ya karne ya 20, ilivyoangushwa na ugonjwa wa Panama, uletwao na kuvu wa udongoni. Mahali pake pakashikwa na ndizi za Cavendish. Namna nyingine ya kuvu huyo, iwezayo kuua hata Cavendish, ilionekana Msumbiji mwaka 2013.

Kuchagua na kusafisha chipukizi

Machipukizi ni ya namna mbili. La kwanza lina majani membamba kama upanga na tunguu nene. Hili ndilo lifaalo, kwa kuwa limeweka akiba ya chakula kutoka kwa mama yake. La pili lina majani mapana na tunguu dogo. Hili huzaa mkungu hafifu.

Chipukizi likisha kung'olewa, mizizi yote ikatwe na tunguu limenywe mpaka libaki jeupe. Lenye mashimo au madoa mengi meusi litupwe. Kumenya huondoa mayai na mabuu ya fukusi wa migomba, mdudu mweusi ambaye mabuu yake hutoboa tunguu mpaka mgomba ukaanguka. Kisha tunguu litumbukizwe katika maji yanayochemka kwa sekunde 30. Joto hilo huua minyoo midogo ya udongoni iitwayo nematodi, lakini haliufikii moyo wa tunguu. Chipukizi lisilazwe nje usiku, kwani fukusi hutembea wakati huo.

Kupanda na kutunza

Wahenga walikwisha kuonya kuwa mgomba haumei changaraweni. Shimo liwe na upana na kina cha sentimeta 60. Udongo wa juu utengwe, uchanganywe na debe moja au mawili ya samadi iliyooza, nao ndio urudishwe kwanza. Nafasi ya mita 3 kwa 3 huupa kila mgomba mita 9 za mraba; bustani ya mita 12 kwa 9 itatosha mashina 12.

Katika kila shina yaachwe machipukizi kwa mpango wa mama, binti na mjukuu, yaani matatu yenye umri tofauti. Yakizidi hunyang'anyana maji na chakula. Ardhi ifunikwe kwa nyasi au majani makavu ya mgomba wenyewe, lakini matandazo yasiguse shina, yasije yakawa maficho ya fukusi. Mgomba hutumia potasi kwa wingi. Jivu la kuni na mabaki ya mgomba huirudisha udongoni.

Mnyauko wa bakteria

Ugonjwa huu, uletwao na bakteria wa jamii ya Xanthomonas, ulielezwa kwanza nchini Ethiopia mwaka 1968, ukaonekana Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ukaripotiwa mkoani Kagera. Majani hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati na ndani huwa na madoa ya kahawia, na shina likikatwa hutoa utomvu wa manjano. Hakuna dawa ya kuuponya. Huenezwa na panga, machipukizi, na wadudu wanaozuru ua dume lining'inialo chini ya mkungu.

Kinga ni tatu. Ua dume liondolewe kwa mti wenye panda, si kwa panga, mara chane ya mwisho itokezapo. Panga lipitishwe motoni kabla ya kukata shina jingine. Shina linaloonyesha dalili likatwe karibu na ardhi bila kukawia.

Zoezi la shule

Wanafunzi wachukue shina la mgomba uliokwisha kuvunwa, walikate vipande vya sentimeta 30, wavipasue kwa urefu na kuvilaza karibu na migomba, upande uliopasuliwa ukitazama chini. Baada ya siku 3 wavifunue, wawahesabu fukusi na kuwaua. Kisha wajibu:

1. Kwa nini fukusi hunaswa zaidi chini ya kipande kuliko juu yake?
2. Ikiwa bustani nzima imetokana na shina moja, ugonjwa mpya utaiathirije?
3. Kwa nini mgomba uliovunwa hauzai tena, ilhali shamba laweza kudumu miaka mingi?