Benki ya Ujerumani imenikatalia akaunti

SWALI: Nimehamia Ujerumani kufanya kazi ya uuguzi. Mwajiri anataka namba ya akaunti, lakini benki imenikataa kwa sababu sina rekodi ya mikopo. Nifanyeje?

JIBU: Pole, ila sheria inakulinda. Tangu Juni 2016, kila anayeishi kihalali katika Umoja wa Ulaya, hata mwomba hifadhi au asiye na makazi ya kudumu, ana haki ya akaunti ya msingi iitwayo Basiskonto. Kukosa rekodi ya mikopo (Schufa) si sababu ya kukunyima.

Rudi benki uitaje kwa jina hilo hilo. Ukisema “akaunti” tu, utapewa fomu ya akaunti ya kawaida, na hiyo benki ina uhuru wa kuikataa. Jaza fomu rasmi ya Basiskonto, ubaki na nakala yenye tarehe. Beba pasipoti, kibali cha ukaazi na hati ya kusajili anwani. Benki ina siku 10 za kazi kukujibu. Ikikataa, lazima ieleze sababu kwa maandishi. Barua hiyo ipeleke BaFin, mamlaka inayosimamia mabenki, ambayo inaweza kuiamuru ikufungulie.

Akaunti hii hupokea mshahara na kulipa kodi ya nyumba kama nyingine, ila kwa kawaida hairuhusu kutoa zaidi ya salio. Uliza ada ya mwezi kabla ya kusaini, maana hutofautiana sana.