JINSI YA KUJIFUNZA ELIMU YA DAWA
Shauri kwa Wanafunzi wa Uuguzi

Huko Kitale na Bungoma vijana wa kiume na wa kike husomea uuguzi katika matawi ya Chuo cha Mafunzo ya Matibabu cha Kenya, KMTC, kilichoanzishwa mwaka 1927. Wengi wao hupenda kazi ya wodini, lakini wafikapo kwenye somo la dawa hufadhaika. Majina ni mengi, marefu na ya kigeni. Mwanafunzi hukesha akiyakariri kama kasuku, na kunapokucha huona yamemtoroka. Hapo hudhani kwamba hana akili. Sivyo hata kidogo; ameshika njia isiyofaa, na njia iliyo bora ipo.

KWANZA, AJUE JAMAA KABLA YA MTU. Kwa desturi ya Wabukusu, jina hueleza majira ya kuzaliwa. Wafula ni mtoto wa mvua, Wekesa wa mavuno, na Wanjala wa njaa. Dada zao ni Nafula, Nekesa na Nanjala. Ajuaye desturi hiyo hahitaji kuelezwa zaidi. Dawa nazo zina desturi yake, nayo huonekana mwishoni mwa jina. Amoksisilini na ampisilini ni ndugu za penisilini: huua vijidudu, na kabla ya kuzitoa hapana budi mgonjwa aulizwe kama dawa za jamaa hiyo zimepata kumdhuru. Atenololi na propranololi hupunguza mwendo wa moyo. Basi mapigo hupimwa kwanza, na mwenye pumu huangaliwa sana. Enalaprili na kaptoprili hushusha shinikizo la damu. Huweza kuleta kikohozi kikavu, wala hazimfai mama mjamzito.

Lakini si kila Wekesa ni wa nyumba moja. Jentamaisini na erithromaisini zafanana kwa jina, ila ni jamaa mbili mbalimbali. Ile ya kwanza huweza kudhuru masikio na mafigo. Ya pili mara nyingi husumbua tumbo. Majina ya namna hiyo yaandikwe mahali pake peke yake.

PILI, AULIZE MASWALI MANNE. Dawa hii hufanya nini mwilini? Hutolewa kwa ugonjwa gani? Yaweza kudhuru vipi? Mwuguzi atazame nini? Ajuaye vema jibu la kwanza hupata mengine kwa urahisi. Kwa mfano, magnesi salfeti hupewa mama mjamzito mwenye kifafa cha mimba, maana hutuliza mishipa ya fahamu na misuli. Ikizidi, hutuliza kupita kiasi: goti likigongwa mguu haurushwi tena, na baadaye pumzi hukoma. Tena dawa hiyo hutoka mwilini kwa njia ya mkojo. Ndiyo sababu mwuguzi hupima goti, pumzi na mkojo, na kuweka karibu kalsiamu glukoneti, ambayo huizuia sumu hiyo. Mambo hayo yote ni tawi la shina moja.

TATU, AFUNGE KITABU. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alitangaza matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe: mambo yaliyokaririwa husahaulika upesi sana katika saa za mwanzo, na kuyarudia kwa siku mbalimbali huyahifadhi kuliko kuyarundika siku moja. Basi mwanafunzi aandike jina la dawa upande mmoja wa kadi, na majibu ya maswali manne upande wa pili. Ajijibu kwa sauti kabla ya kugeuza kadi. Alizozikosa azirudie kesho, na tena baada ya siku tatu. Dawa tano kila siku zatosha. Haba na haba hujaza kibaba.

NNE, ASIIOGOPE HESABU. Daktari ameandika jentamaisini miligramu 30 kwa mtoto, na kichupa kina miligramu 80 ndani ya mililita 2. Yaani kila mililita ina miligramu 40. 30 kwa 40 ni mililita 0.75. Akikosea nukta atapata 7.5, mara kumi ya kipimo. Lakini kiasi hicho kingemlazimu kuvunja vichupa vinne kwa ajili ya mtoto mmoja! Hesabu ikidai vichupa vingi, mwuguzi na asimame, ahesabu upya, kisha amwombe mwenzake ahakikishe. Kuuliza si ujinga.

Mwisho, aliyosoma darasani ayafuate wodini. Akiona dawa katika karatasi ya mgonjwa, akumbuke jamaa yake na maswali yake manne. Bila kufaulu mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya hawezi kuandikishwa kuwa mwuguzi. Lakini mtihani huo ni wa siku chache tu. Mgonjwa humtahini mwuguzi kila siku ya kazi yake, naye hulipa kwa mwili wake kila jibu lisilo sahihi.