Mtande na Mshindio: Jinsi ya Kuchagua Nyuzi za Raketi

Wahenga walinena, "Mchagua jembe si mkulima." Ndugu msomaji, kwa heshima zote, katika mchezo wa tenisi methali hii iliniponza. Mwaka jana mjomba wangu, ambaye hutunza viwanja vya tenisi, alinipa raketi kuukuu. Nyuzi zilipokatika nilimwomba fundi anitilie zile ngumu kabisa, nisirudi kwake tena. Kweli hazikukatika. Kilichoharibika ni mkono. Baada ya wiki tatu kiwiko kiliniuma hata kushika kalamu ikawa taabu, na mashindano ya shule nikayatazama nimeketi kwenye nyasi. Mjomba aliguna, akasema, "Mwanangu, umekuwa ukicheza na waya!" Ndipo akanifunza haya ninayowaletea.

Nyuzi zimepangwaje?

Uso wa raketi umefumwa kama kitambaa. Nyuzi zinazotoka upande wa mpini kwenda juu ni mtande. Zile zinazokatiza kutoka kushoto kwenda kulia ni mshindio. Raketi nyingi za siku hizi zina nyuzi 16 za mtande na 19 za mshindio. Mpira ukigonga, mtande ndio unaosogea na kurudi zaidi, kwa hiyo ndio unaoamua jinsi mkono utakavyohisi. Mshike sana jambo hilo, maana ndilo ufunguo wa somo zima.

Aina za nyuzi

Kwanza kuna nyuzi za utumbo wa ng'ombe. (Msicheke, ni kweli!) Kampuni ya Babolat ya Ufaransa ilianza kutengeneza nyuzi za utumbo mwaka 1875. Ni laini, husukuma mpira vizuri na hazilegei upesi, lakini bei yake ni kali na zikinyeshewa huharibika.

Pili ni nailoni. Hizi ni za bei nafuu na ni za huruma kwa mkono, lakini anayepiga kwa nguvu huzikata mapema.

Tatu ni poliesta, zile zilizoniumiza. Zilipata sifa kubwa mwaka 1997, Gustavo Kuerten wa Brazil aliposhinda mashindano ya Ufaransa akizitumia. Humwezesha mchezaji kuuzungusha mpira sana na kuupiga kwa nguvu bila kutoka nje. Ila ni ngumu, tena hulegea na kufa kabla hazijakatika. Mchezaji huendelea kuzitumia akidhani ni nzima, kumbe mkono unalipa.

Faida ya mseto

Kwa kuwa kila aina ina wema na ila yake, wachezaji huchanganya aina mbili katika raketi moja. Roger Federer alitumia utumbo kwenye mtande na poliesta kwenye mshindio. Andy Murray yeye aligeuza, poliesta kwenye mtande na utumbo kwenye mshindio. Vitu ni vile vile, ila raketi si moja! Ya kwanza hupata ulaini na nguvu zaidi. Ya pili humpa mchezaji uwezo zaidi wa kuuzungusha mpira na kuutawala.

Sisi wanafunzi tuchague nini?

Kama nyuzi zako hazikatiki ovyo, ama mkono unakuuma, tia nailoni tupu. Mseto hauna haja nawe. Lakini kama unakata nailoni kila mara, jiulize ni zipi zinazokatika. Kamba hukatikia pabovu, na kwenye raketi aghalabu ni mtande unaotangulia. Basi tia poliesta kwenye mtande na nailoni laini kwenye mshindio. Mwambie fundi asiivute poliesta sana, ailegeze ratili 2 hivi kuliko nailoni. Kisha usingoje ikatike. Ukihisi mpira unaruka ovyo na mkono unatetemeka, ibadilishe.

Na pesa je? Hapa pana siri ya mjomba. Pakiti moja ya nyuzi huwa na mita 12 hivi, na mseto hutumia kama nusu ya kila aina. Kwa hivyo shirikianeni wawili. Mmoja anunue poliesta, mwenzake nailoni, mkate kila uzi katikati. Raketi mbili zimepona! Muulizeni fundi kwanza kama urefu utatosha raketi zenu.

Mimi na rafiki yangu wa Kidato cha Tatu tulifanya hivyo muhula uliopita. Kiwiko changu kilikuwa kimepumzika miezi miwili, na tangu hapo hakijaniuma tena.

Kwa hiyo wenzangu, mkulima na achukue jembe lolote akitaka. Lakini mchezaji asimwambie fundi, "Nitilie zozote." Amwambie mtande uwe nini na mshindio uwe nini, na sababu yake aijue. Mkono hauuzwi dukani.