Blokucheni na Vipuri vya Ndege: Inachosaidia na Mipaka Yake

Mwaka 2023, mafundi wa shirika la ndege la Ureno, TAP, walikagua kipuri cha injini ambacho hati yake ilisema ni kipya. Kipuri chenyewe kilionekana kimeshatumika. Waliiuliza kampuni ya Safran ya Ufaransa, mtengenezaji wa injini, kuhusu hati hiyo, wakajibiwa kuwa ni ya kughushi. Muuzaji alikuwa AOG Technics ya London. Kufikia Oktoba mwaka huo, zaidi ya injini 120 zilikuwa zimebainika kuhusika na vipuri vyake, nyingi zikiwa CFM56, zinazotumika kwenye Boeing 737 na Airbus A320.

Kwa nini hati ni muhimu

Kipuri cha ndege kisicho na hati halali hakifungwi, hata kikiwa kizima. Ulaya hutumia Fomu 1 ya mamlaka yake ya usafiri wa anga, EASA. Marekani hutumia fomu 8130-3 ya mamlaka yake, FAA. Diski ya turbini, kwa mfano, ina ukomo wa maisha unaohesabiwa kwa mizunguko, yaani kila safari ya kuruka na kutua. Ikifika ukomo hutolewa, hata kama haina ufa. Kwa hiyo mnunuzi lazima aijue historia yake yote tangu ilipotoka kiwandani. Historia hiyo mara nyingi husafiri kama karatasi au nakala ya skana, na nakala ni rahisi kuchezewa.

Blokucheni inavyofanya kazi

Blokucheni ni daftari la kidijitali ambalo nakala zake hutunzwa na wahusika wengi kwa pamoja. Kila bloku ya kumbukumbu hubeba alama iliyokokotolewa kutokana na bloku iliyotangulia. Ukibadilisha tarakimu moja ya zamani, alama hazilingani tena na wenzako wote wanaona. Katika usafiri wa anga, daftari hili huwa la wanachama wanaojulikana: kiwanda, shirika la ndege, karakana na muuzaji.

Tuseme shirika la kwanza limeandika kuwa diski imetumika mizunguko 8,000. Muuzaji wa tatu hawezi kuishusha hadi 3,000 kimyakimya ili apate bei nzuri. Kampuni ya Honeywell ya Marekani ilianza kutumia teknolojia hii mwaka 2018 katika soko lake la mtandaoni la vipuri, GoDirect Trade.

Isichoweza kufanya

Blokucheni hulinda maandishi. Chuma chenyewe haikioni. Taarifa ya uongo ikiingizwa mwanzoni, itahifadhiwa vizuri ikiwa uongo uleule. Namba halisi pia yaweza kubandikwa kwenye kipuri bandia. Na kipuri kibovu huua: mwaka 1989, ndege ya shirika la Partnair la Norway ilianguka baharini karibu na Denmark na watu wote 55 waliokuwemo wakafa. Uchunguzi uligundua boliti zisizofikia kiwango kwenye mkia. Udhaifu kama huo hugunduliwa kwa kupima na kukagua boliti zenyewe, si kwa kusoma kumbukumbu.

Kwa karakana inayotaka kuanza

1. Anzeni na vipuri vyenye ukomo wa maisha, maana historia yake ndiyo yenye uzito zaidi.
2. Hakikisheni namba imechorwa kwenye kipuri chenyewe, au kina kitambulishi cha redio, ili kumbukumbu na chuma visitengane.
3. Kubalianeni na wenzenu mapema: nani anaandika, nani anasoma, na kosa linasahihishwaje. Sahihisho huongezwa juu ya kumbukumbu. La zamani halifutwi.
4. Ulizeni mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yenu kama kumbukumbu za kidijitali zinakubalika, na kwa masharti gani.
5. Msiondoe ukaguzi wa mapokezi. Hati ikitia shaka, mpigieni aliyetajwa kuitoa, kwa namba mliyoitafuta wenyewe, si ile iliyoandikwa kwenye hati.

Udanganyifu wa AOG Technics ulifichuliwa na mafundi waliolinganisha hati na kipuri kilichokuwa mbele yao. Wekeni blokucheni iwarahisishie kazi hiyo, lakini fundi wa mapokezi apewe muda wa kukagua na mamlaka ya kukataa.