Kivuli Kwenye Skrini: Isitupwe Kwanza

Skrini ya LCD inayoonyesha tangazo au nambari ya foleni ileile kutwa huweza kubaki na kivuli chake hata picha inapobadilika. Mgonjwa anayesubiri huenda akachanganya nambari ya zamani na mpya, akapitwa na zamu.

Chanzo ni chaji ya umeme inayojikusanya ndani ya skrini na kuzuia fuwele zinazounda picha kugeuka ipasavyo. Mara nyingi hali hiyo si ya kudumu. Kabla ya skrini kuorodheshwa kuwa mbovu na nyingine kununuliwa, izimwe kwa saa kadhaa, au ionyeshe rangi nyeupe tupu.

Kinga ni rahisi zaidi: matangazo yabadilishwe mara kwa mara, na skrini izimwe ofisi inapofungwa.